Programu asilia ya simu: biashara inalipia nini hasa?

Wenye biashara huniuliza sana swali hili: "Tovuti yangu inafunguka vizuri kwenye simu, nigharamie programu ya nini?" Swali ni la haki, na wengi wao nawajibu kwamba wasigharamie. Mteja anayekuja mara moja kwa mwaka kutafuta namba ya simu na saa za kufungua hatapakua kitu. Tovuti nyepesi inamtosha. Ila pale ambapo mtu yuleyule anarudi kila siku kufanya kazi ileile, mambo hubadilika, na hapo naitetea programu asilia bila kusita.

Nazungumzia programu iliyoandikwa kwa lugha na zana za mfumo wenyewe wa simu: Swift kwa iPhone, Kotlin kwa Android. Haipitii kwenye kivinjari, na faida zake nyingi zinaanzia hapo.

Wengi hudhani faida kubwa ni mwonekano. Mimi naiona zaidi pale mtandao unapokatika. Tuseme dereva anakabidhi mzigo kwenye ghala la chini ya ardhi ambako simu haishiki mtandao. Mpokeaji anatia saini kwa kidole kwenye skrini, dereva anapiga picha ya mzigo, kisha anabonyeza "Nimekabidhi". Kwenye tovuti ya kawaida, ukurasa utazunguka weee mpaka ukate tamaa, na saini huenda ikapotea. Kwenye programu iliyojengwa vizuri, rekodi inaandikwa papo hapo katika hifadhidata iliyomo ndani ya simu, mara nyingi SQLite, na dereva anaendelea na safari yake. Jukumu la kutuma linaachiwa mfumo. Kwenye Android natumia zana iitwayo WorkManager, ambayo husubiri mtandao urudi na kujaribu tena, hata simu ikizimwa na kuwashwa. Halafu kuna jambo dogo ambalo watengenezaji wengi hulisahau: kila rekodi ipewe namba yake ya utambulisho palepale kwenye simu, ili hata ikitumwa mara mbili, seva (kompyuta inayopokea data za biashara) ijue ni ileile na isiandike makabidhiano mawili.

Wapo watakaosema kivinjari nacho huhifadhi data. Ni kweli. Lakini tangu 2020, Safari, kivinjari cha Apple, hufuta data iliyohifadhiwa na skripti (vijiprogramu) za tovuti ikiwa mtumiaji ameendelea kutumia kivinjari kwa siku saba bila kuigusa tovuti hiyo, isipokuwa kama ameiweka kwenye skrini ya mwanzo. Sera hiyo inalinda faragha na naiunga mkono. Ila saini ya mpokeaji mzigo siwezi kuiweka mahali panapofutwa hivyo.

Kuhusu kasi, skrini inayochora fremu (picha) 60 kwa sekunde inaipa programu milisekunde 16 na kidogo kuandaa kila fremu; ikichora 120, zinabaki 8 na kidogo. Muda huo ukipita, mtu anaona orodha inakwamakwama anapoipitisha kwa kidole. Facebook waliyaona hayo kwa gharama kubwa. Programu yao ya iPhone ilitegemea sana teknolojia za wavuti, wakaiandika upya kwa njia asilia mwaka 2012, na mkuu wao, Mark Zuckerberg, akakiri hadharani mwaka huohuo kwamba walikosea kuitegemea HTML5, teknolojia ya kurasa za wavuti, kupita kiasi. Vivinjari vimepiga hatua kubwa tangu wakati huo, na pengo limepungua, lakini kwenye simu za bei ya chini bado naliona.

Arifa ndizo zinazowavutia zaidi wenye biashara, na ndizo zinazoniogopesha zaidi. Kwenye iPhone, tovuti ziliruhusiwa kutuma arifa mwaka 2023 tu, tena zile zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo. Programu zilikuwa nazo tangu 2009. Lakini mteja lazima akubali kwanza, na tangu Android 13 hali ni hiyohiyo upande wa pili. Ombi la ruhusa lisijitokeze mara programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Mwache mteja aweke oda, kisha mwulize kama angependa kujulishwa ikiwa njiani. Wakati huo ana sababu ya kukubali. Ukianza kumtumia matangazo asubuhi na jioni, ataifuta programu, na kumrudisha ni kazi ngumu mno.

Gharama zipo, na hazishii siku ya uzinduzi. Mifumo ni miwili, kwa hiyo misimbo ya programu ya kuandika ni miwili. Apple hutoza wasanidi dola 99 kwa mwaka, Google dola 25 mara moja, lakini hizo ni ndogo. Kinachokula bajeti ni matunzo, maana kila mwaka mifumo hutoa matoleo mapya na programu isiyosasishwa huchakaa. Ukiuza bidhaa za kidijitali ndani ya programu, duka nalo huchukua kamisheni, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30. Bidhaa za kushikika haziguswi. Zana kama Flutter na React Native hupunguza kazi kwa kutumia msimbo mmoja pande zote, na kwa biashara nyingi ndogo ningeanzia huko. Njia nisiyoishauri kabisa ni kufunga tovuti ndani ya ganda la programu: Apple huweza kuikataa kwa kukosa jambo lolote la ziada, na mteja haoni tofauti.

Kabla ya kumlipa msanidi malipo ya mwisho, chukua simu mkononi. Iweke katika hali ya ndegeni, weka oda, ifunge programu kabisa, kisha rudisha mtandao na uifungue tena. Muombe akuonyeshe kilichofika kwenye seva. Ikiwa oda haipo, au zipo mbili, kazi bado haijaisha.