Fikra tunduizi huanza na swali lililowekwa vizuri

Vijana wanaokuja katika mafunzo yetu ya maandalizi ya kazi hapa Chake Chake, Pemba, wengi wao wakiwa wamemaliza Kidato cha Nne au cha Sita na baadhi wakiwa bado vyuoni, wana bidii kubwa ya kuhifadhi. Ukiwataka wataje hatua za kutatua tatizo, watazitaja zote bila ya kuruka hata moja. Wakipewa tatizo lenyewe, wengi hushika jibu la kwanza lililowajia, kisha hutumia akili yao yote kulitetea. Kosa hili si lao peke yao, kwani mtihani wa skuli humpa alama mwenye jibu, na ni nadra kumpa alama aliyeuliza vizuri. Hata hivyo, mwajiri na mhadhiri watamtaka kijana huyo afanye mambo ambayo hakuna daftari lililomwandalia.

Kufikiri kwa utunduizi ni kulipima jambo kabla ya kulikubali au kulikataa: limejulikana vipi, limesemwa na nani, kuna maelezo gani mengine yanayoweza kuwa kweli, na ni kitu gani kingetuonesha kwamba tumekosea. Watu hudhani kwamba hicho ni kipaji cha wachache. Sisi tumeona kuwa ni mazoea, na zoezi tunalolisisitiza kuliko yote ni kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa.

Mfano tunaoutumia darasani ni wa karafuu, kwa sababu hakuna Mpemba asiyeujua. Mkulima amepeleka karafuu zake kituoni zinakonunuliwa, zikawekwa daraja la tatu, ilhali za jirani yake zimepata daraja la kwanza. Jibu la haraka ni kwamba mpimaji anampendelea jirani. Hatumkatazi mtu kulifikiria hilo. Tunamtaka agawe ukurasa sehemu mbili na aandike upande mmoja yale tu ambayo mtu mwengine angeyaona kwa macho: karafuu ni nyeupe-nyeupe na zimesinyaa, zilichumwa siku ya mvua, zililala ndani ya polo (gunia) usiku kucha kabla ya kuchambuliwa kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vyake, zilianikwa kwa kurundikana juu ya jamvi moja. Upande wa pili ataandika dhana zake: mpimaji ana chuki, jirani ana ndugu pale kituoni.

Akishaandika hivyo, safu ya kwanza huanza kusema yenyewe. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto na kuchacha, na zikikaushwa baadaye hutoka zimepauka na kunywea, basi daraja la tatu linaweza kuelezeka bila ya kumtaja mpimaji kabisa. Bado hilo ni elezo linalohitaji kipimo. Katika uchumaji unaofuata, mkulima atenge pishi moja tu ailaze kwenye polo, na pishi nyengine kutoka mikarafuu ile ile aichambue na kuianika siku hiyo hiyo kwa kuitandaza, kisha azilinganishe zikikauka. Kipimo hicho hakimgharimu kitu, nacho kitamfundisha zaidi kuliko msimu mzima wa kunung'unika. Tena ikiwa pishi zote mbili zitatoka safi na bado zikapewa daraja la tatu, malalamiko yake dhidi ya mpimaji yatakuwa na uzito ambao hayakuwa nao mwanzo.

Hesabu nayo isiachwe nyuma. Karafuu hupoteza takriban thuluthi mbili za uzito wake zikikauka, kwa hiyo kilo 30 mbichi zitarudi kilo 10 hivi. Mtu akikwambia zake zilirudi kilo 15, ama hazijakauka sawasawa, ama mizani ina kasoro, na unaweza kulijua hilo hujazitia machoni. Karafuu iliyokauka ukiivunja hulia. Isipolia, jua bado linahitajika.

Unguja kuna mfano mkubwa zaidi, ambao nasikitika kwamba vijana wetu wengi hawajausikia. Kwa miaka mingi ng'ombe wa kisiwa hicho walisumbuliwa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na aina ya mbung'o waliokuwako ilikuwa moja tu, Glossina austeni. Dawa iliyopakwa juu ya ng'ombe, pamoja na vitambaa vilivyotiwa dawa na kutundikwa, iliwapunguza sana wadudu hao lakini haikuwamaliza, hasa katika msitu wa Jozani. Mwenye pupa angesema dawa iongezwe. Swali lenye manufaa lilikuwa jengine: waliobaki wamejificha wapi, na kwa nini dawa haiwafikii? Kwenye msitu mnene ng'ombe hawaingii na vitambaa havienei, kwa hiyo palihitajika njia itakayowatafuta mbung'o wenyewe walipo.

Ufumbuzi ulitoka katika maumbile ya mdudu. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja. Akipandwa na dume tasa, hatozaa. Mbung'o walifugwa kwa wingi Tanga, madume wakafanywa tasa kwa mionzi, na kuanzia mwaka 1994 wakawa wanaachiwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Dawa za mwanzo hazikuwa kazi bure, kwani bila ya kuwapunguza kwanza mbung'o wa porini, madume tasa wasingeweza kuwazidi kwa idadi. Bahari nayo ilisaidia, maana wadudu wa bara hawawezi kuivuka na kuanza upya. Yote hayo yalipimwa kabla, wala hayakubahatishwa.

Katika kupima habari, jamii yetu haianzi mwanzo. Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat inaamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, na aliyesoma chuo cha Kurani anajua namna wanazuoni wa Hadithi walivyoihangaikia isnadi: nani kapokea kwa nani, walikutana kweli, na uhodari wa hifadhi zao ulikuwaje. Kijana anayeujua utaratibu huo anashindwaje kuutumia pale tangazo la kazi linapomjia katika simu, lisilo na tarehe wala anuani, likimtaka atume ada ya usaili kwa nambari ya mtu binafsi?

Masomoni, njia iliyo nyepesi ni kuyashughulikia majibu uliyoyakosa. Badala ya kunakili jibu sahihi pembeni ya lile la makosa, andika kwa maneno yako mwenyewe ni wazo gani lililokupeleka huko na lilivunjikia wapi. Katika Hisabati na Fizikia faida yake huonekana mapema. Katika Historia huchukua muda, kwa sababu mwanafunzi lazima kwanza akubali kwamba waandishi wawili wanaweza kulieleza tukio moja kwa namna mbili.

Kazini kizuizi kikubwa ni adabu inapofahamika vibaya, kwa vile kijana huogopa kuonekana anambishia mkubwa wake. Lugha yetu imemrahisishia. Fundi mwanafunzi anaweza kusema, "Samahani ami, naomba unifahamishe, tumejuaje kuwa pampu ndiyo iliyoharibika?" Hapo hajamvunjia mtu heshima, na pengine amemwokoa na gharama ya pampu mpya wakati waya ndio uliokatika. Nawaomba mafundi wakuu na wakuu wa vitengo walipokee swali la namna hiyo kwa kulijibu, kwani kijana akikaripiwa mara moja hatouliza tena mbele yao.

Katika mafunzo yetu tunawataka washiriki waandike taarifa ya nusu ukurasa: nini kimeonekana, maelezo yasiyopungua mawili yanayowezekana, na kipimo kisicho na gharama kubwa cha kuyachuja. Mwajiri naye, badala ya kumuuliza mwombaji kazi maana ya fikra tunduizi, ampe tatizo halisi la ofisi yake, karatasi na dakika 20, kisha waisome pamoja taarifa hiyo.