Jela ya kaunti au gereza la jimbo? Yanayoaminika vibaya kuhusu California

Dhana: Ukifungwa zaidi ya mwaka mmoja, lazima uende gereza la jimbo.

Ilikuwa hivyo hadi 2011. Mei mwaka huo, katika kesi ya Brown dhidi ya Plata, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba California ilazimishwe kupunguza wafungwa. Magereza yake 33 yalijengwa kwa watu wasiofika 80,000, lakini yalibeba karibu mara mbili. Hukumu hiyo inataja mahali ambapo wafungwa hadi 54 walitumia choo kimoja. Ndipo ikaja sheria ya AB 109, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011: makosa mengi yasiyo ya ukatili wala ya ngono, na yasiyo kwenye orodha ya makosa mazito, yakahamishiwa jela za kaunti, hata kama kifungo ni cha miaka mingi.

Dhana: Hakimu ndiye anayechagua pa kumpeleka mtu.

Sheria ndiyo inayopanga, kwa kuangalia kosa na rekodi. Watu wawili wakiiba gari pamoja, mmoja hana rekodi, mwingine aliwahi kutiwa hatiani kwa unyang'anyi. Wakipewa kifungo, wa kwanza atakitumikia jela ya kaunti, wa pili gereza la jimbo. Wizi ni ule ule.

Dhana: Kaunti ni adhabu nyepesi.

Hii ndiyo inayoumiza familia zaidi. Jela ya kaunti, iliyo chini ya sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti), ilikusudiwa watu wanaosubiri kesi na vifungo vifupi. Nyingi hazina viwanja wala kozi za ufundi kama za magereza ya jimbo, na mtu anaweza kukaa humo miaka bila kukanyaga udongo. Faida yake ni kuwa karibu na nyumbani, na si faida ndogo kwa mama anayetaka kumwona mwanawe.

Wala hatia haipungui kwa sababu ya jengo. Kosa kubwa la jinai hubaki hivyo kwenye rekodi. Kwa ndugu zetu wasio raia, hukumu ya wizi yenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi inaweza kuwafukuzisha nchini, popote kilipotumikiwa.

Dhana: Sheria ya AB 109 iliwafungulia wafungwa milango.

Hapana. Iliwapeleka jela za kaunti waliohukumiwa kuanzia siku ilipoanza kutumika. Waliokuwa ndani hawakutolewa kwa sheria hiyo. Watafiti waliofuatilia hawakuona uhalifu wa kutumia nguvu ukiongezeka kwa sababu yake, ingawa wizi wa magari uliongezeka.

Ambacho familia nyingi hazikijui ni kifungo kilichogawanywa: kati ya miaka mitatu, kwa mfano, mmoja ndani na miwili nje chini ya afisa wa probesheni. Tangu 2015 huo ndio utaratibu wa kawaida kwa vifungo hivi vya kaunti, isipokuwa hakimu aone sababu ya kukataa. Mwulizeni wakili habari hiyo kabla mshtakiwa hajakiri kosa kwa makubaliano.