Daladala zikigoma: tunayoyasema kituoni na ukweli wake

Asubuhi ya mgomo, kituo cha daladala cha Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kinakuwa kimya. Hakuna mpiga debe anayeita "Posta, Posta, Kariakoo", hakuna konda anayegonga bodi ya gari. Kuna watu tu, wamejaa hadi barabarani, wanatazama upande ambao gari lingetokea. Saa moja na nusu jua linaanza kuuma, na hapo ndipo midomo inapofunguka. Nimesimama hapo zaidi ya mara moja, nimeyasikia yanayosemwa, na mengine nimeyasema mwenyewe kwa hasira. Mengi si kweli, na kwa sababu hiyo lawama tunambebesha asiyestahili.

"Wana magari yao, wameshiba, ndiyo maana wanaturingia."

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote. Lakini walio wengi kati ya madereva na makondakta wa daladala hawamiliki hata tairi la gari wanaloliendesha. Gari ni la tajiri, na tajiri anataka hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kila siku, gari lijae lisijae, foleni iwepo isiwepo. Kwenye makusanyo ya siku inatoka fedha ya mafuta, hesabu inawekwa pembeni, mpiga debe anapewa chake, na trafiki akiandika faini, nayo inatoka humo humo. Kinachobaki ndicho mshahara wa dereva na konda. Kuna siku hakibaki kitu. Kuna siku hesabu yenyewe haifiki, wanalala na deni.

Ukishalijua hilo, mengi yanayotuudhi barabarani unayaona yanakotoka. Kukata ruti, yaani kugeuza gari kabla ya kufika mwisho wa njia, kukimbizana, kutushindilia mpaka mlango haufungi, yote ni kuitafuta hesabu. Hata suala la wanafunzi. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipandisha nauli ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Konda anayemzuia mtoto wa shule mlangoni anakosea, na mimi simtetei, kwa sababu nina watoto wanaoachwa kituoni. Ila tuseme ukweli wote: nafasi ya mtu mzima mmoja inaleta fedha ya wanafunzi watatu, na tajiri hapunguzi hesabu kwa kuwa gari lake limebeba sare za shule.

Halafu kuna saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Dereva anayetoa gari saa kumi alfajiri na kulilaza saa nne usiku amekaa nalo saa 18. Akichoka anampa deiwaka, dereva asiye na gari anayeshinda kituoni akisubiri tripu mbili tatu ili naye watoto wale. Hapo inawezekana kabisa tajiri asijue hata jina la anayeendesha gari lake, wakati sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

"Wanatukomoa ili nauli ipande."

Nauli haipangwi na dereva wala konda. Inapangwa na LATRA, na kabla yake ilikuwa SUMATRA. Wanaokwenda kuomba nauli iongezwe ni wamiliki, kupitia vyama vyao. Siku ya mgomo sisi tunawaweka wote kwenye kapu moja, wakati mara nyingi wanavutana wao kwa wao.

Tukumbuke Aprili 10, 2015. Madereva wa mabasi waligoma, Ubungo, ambako ndiko kulikuwa na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani wakati ule, ikajaa abiria wenye mizigo na watoto, na mjini watu wakatembea kwa miguu. Kilichowakera madereva ni sharti la kurudi darasani kila leseni inapohuishwa, tena kwa gharama zao wenyewe, na ndani yake kilio cha zamani cha kutokuwa na mikataba ya ajira. Mei 4 mwaka huo huo wakagoma tena. Abiria aliyekwama alikuwa na haki ya kukasirika. Ila hakuwa anaombwa aongeze nauli.

"Kugoma ni uhalifu, wakamatwe tu."

Sivyo. Sheria niliyoitaja inatambua haki ya mfanyakazi kugoma, isipokuwa inaweka njia: mgogoro upelekwe kwenye usuluhishi, usipotatuliwa wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kuna huduma zilizozuiwa kugoma, kama maji, umeme, afya na zimamoto, pamoja na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Daladala ya kutubeba wewe na mimi haikutajwa kwenye orodha hiyo.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inamtaka mtu awe na mwajiri anayejulikana. Deiwaka wa Chanika atampa nani hiyo taarifa ya saa 48? Atasuluhishwa na nani, kwa mkataba upi? Kwa hiyo migomo yetu mingi inaanza kwa maneno ya kupeana usiku kijiweni, na abiria anaipata habari saa kumi na moja alfajiri akiwa amesimama gizani. Kwa maoni yangu hilo ndilo jeraha kubwa kuliko yote. Taarifa ya siku mbili ingemwezesha mgonjwa mwenye miadi hospitali ya Muhimbili kuomba kulala kwa ndugu wa mjini, na fundi kumwambia bosi wake mapema.

"Siku moja tu, boda zipo, mwendokasi upo, treni ipo."

Anayesema hivi anaishi karibu na kazi yake. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, mabasi yenye barabara yake, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, ni kama kilomita 21, kuanzia Kimara kuingia mjini na matawi yake. Treni ya mjini, ile tuliyoizoea kwa jina la "treni ya Mwakyembe" tangu ilipoanza Oktoba 2012, inafuata reli na saa zake, na mtu wa Chanika hadi aifikie Pugu ameshatafuta usafiri mwingine. Bodaboda inabeba abiria mmoja. Kosta, aina ya basi dogo linalotumika kama daladala, ina karibu viti thelathini, achilia mbali tunaosimama tumeinamisha shingo. Kwa kila Kosta iliyolala unahitaji boda thelathini, na siku hiyo kila boda anataja bei anayojisikia.

Jirani yangu anakaanga samaki. Anawafuata Feri, soko la samaki la mjini, na mnada wa Feri ni wa asubuhi. Siku moja ya mgomo boda alimtajia fedha inayozidi faida yake ya siku nzima. Akapanda nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba magunia ya mkaa, akashushwa kituo cha Banana, akaunga kwa miguu na lori la mchanga. Alipofika, samaki wa bei yake walikwisha. Alirudi na ndoo tupu, na marejesho ya kikoba yalikuwa kesho yake. Mwenye mshahara wa mwezi siku hiyo alichelewa kazini. Yeye alipoteza mtaji.

Wapo pia wanaosema enzi za UDA, shirika la umma la mabasi ya Dar es Salaam, haya hayakuwepo. Shida ya wakati ule ilikuwa nyingine: mabasi yalikuwa machache na vipuri havipatikani, watu wakipitia madirishani, mpaka mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na jina limebaki.

"Mgomo ukiisha, yameisha."

Kwetu abiria, ndiyo. Kesho yake kelele za wapiga debe zinarudi, tunasukumana mlangoni, tunasahau. Kwa dereva hayajaisha. Siku aliyogoma hakuingiza kitu, na wapo wanaodaiwa hesabu ya siku ile kana kwamba gari lilitembea. Aliyeonekana mbele akizungumza na viongozi anakwenda kuchukua gari alfajiri na kukuta ufunguo ameshapewa mwingine. Hapewi barua ya kufukuzwa, kwa sababu hakuwahi kupewa barua ya kuajiriwa. Kuanzia siku hiyo utamkuta pale kituoni, kwenye benchi la madeiwaka, akisubiri mtu achoke.