Maana ya kufuatilia kipimo data cha Wi-Fi ya ofisi

Kipimo data ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwenye mtandao kwa sekunde moja. Huandikwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), na hapo ndipo wengi hudhani wamepunjwa: baiti moja ni biti 8, hivyo laini ya Mbps 40, hata ikijaa kabisa, hushusha faili kwa megabaiti 5 tu kila sekunde.

Kukifuatilia ni kujua nani anatumia kiasi gani, saa ngapi, na kwa upande upi, kupakua (kushusha data) au kupakia (kutuma data). Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, kifaa kinachogawa intaneti ofisini (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), ingia kama msimamizi, kisha tafuta orodha ya vifaa na takwimu za matumizi. Kipe kila kifaa jina linaloeleweka. Simu nyingi za sasa hubuni anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) kwa kila mtandao, na nyingine huibadilisha kila baada ya muda, hivyo simu moja inaweza kuonekana kama vifaa viwili. Zima kipengele hicho kwa mtandao wa ofisi.

Kama ruta inaonyesha jumla tu, piga hesabu mwenyewe. Tuseme saa 4:00 asubuhi laptopu imepakua megabaiti 1,200, na saa 4:05 zimefika 1,800. Hizo ni megabaiti 600 kwa sekunde 300, yaani megabaiti 2 kwa sekunde, sawa na Mbps 16. Usisome kwa kupishanisha saa nzima. Wastani wa saa huficha dakika tatu za msongamano ambazo ndizo zinazolalamikiwa, na kihesabio cha biti 32, kinachojumlisha data kwenye baadhi ya ruta, hurudi sifuri kila baada ya gigabaiti 4.3 hivi; kwa Mbps 100 hizo huisha kabla ya dakika 6. Ruta ikizimwa na kuwashwa, hesabu nayo huanza upya.

Upande wa kupakia ndio unaosahaulika zaidi. Kompyuta moja ikituma nakala rudufu ya picha, foleni ya data inayosubiri kutumwa hujaa ndani ya ruta na sauti za mikutano hukatika, ilhali grafu ya kupakua imelala chini kabisa. Ruta ikiwa na udhibiti wa foleni, weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, pima kwa kebo. Kebo ikitoa kasi kamili na Wi-Fi isitoe, tatizo liko hewani. Vifaa vya chaneli moja (kipande kimoja cha masafa ya redio) hutuma kwa zamu, na kile kilicho mbali, chenye mawimbi dhaifu, hushika zamu yake muda mrefu kuliko wengine kwa data ileile. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Vifaa vilivyo karibu na ruta vihamishie masafa ya 5 GHz.