Kung fu ya karibu haingoji ngumi ifike

Tulioijua kung fu kupitia filamu za Hong Kong tumebaki na picha moja: bingwa katulia, anangoja ngumi ije, anaikinga, ndipo anajibu. Inapendeza kutazama, lakini watu wakiwa wamekaribiana haifanyi kazi. Mwili huhitaji takriban robo sekunde kuitikia kilichoonwa na jicho, na ngumi inayotoka hatua moja tu mbele yako yaweza kufika kabla ya hapo.

Ndiyo maana Wing Chun, mtindo wa kusini mwa China ambao Ip Man aliufundisha Hong Kong, hautenganishi kinga na shambulio: mkono mmoja unaiondoa ngumi, wa pili unapiga wakati uleule. Kanuni yake husema kinachokuja kipokee, kinachoondoka kisindikize, mkono ukipata upenyo songa mbele moja kwa moja. Zoezi la chi sao, la kugusanisha mikono, huufundisha mwili kuuhisi upenyo huo bila kungoja macho.

Kutongoja huku si kuchokoza watu. Ugomvi unaweza kuanzishwa na mwingine; wewe hungoji tu ngumi yake ikufikie. Bruce Lee, aliyejifunza kwa Ip Man, aliuita mfumo wake Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayokatiza: unampiga mpinzani akiwa ndiyo kwanza anaanza kurusha yake.