Sororiti ni nini, na kwa nini hawa kinadada wa Marekani hawaachani mpaka kaburini

Tangu Kamala Harris aanze kugombea vyeo vikubwa kule Marekani, watu wengi huku kwetu wamekutana na zile video za wamama wa makamo, wengine mvi tupu, wamevaa pinki na kijani, lulu shingoni, wanapiga ukelele mkali wa "skee-wee" kama wasichana wa shule, na swali linakuja lilelile, hawa ni akina nani jamani, ni kanisa, ni tawi la chama cha siasa, au ndo freemason wenyewe? Ni sororiti, na hao wa pinki na kijani wanaitwa Alpha Kappa Alpha. Harris aliingia humo mwaka 1986 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Howard pale Washington, na alipokuwa mgombea mwenza mwaka 2020 kampeni ikaanza kupokea michango ya dola 19 na senti 8, mmoja baada ya mwingine, manake hawa wamama walikuwa wanatuma mwaka wa kuzaliwa kwa kundi lao, 1908, badala ya kuandika jina.

Sasa tuanze pale pa msingi. Sororiti ni umoja wa wanawake unaoanzia chuo kikuu, unajiita kwa herufi mbili tatu za Kigiriki, una kiapo, una siri zake, una rangi zake, na wanachama wake wanahesabiana kama ndugu. Umoja mzima ni mkubwa wa nchi nzima ila maisha yake halisi yako kwenye chapta, yaani tawi la chuo fulani au mji fulani, lenye viongozi wake, vikao vyake na akaunti yake ya benki. Ukiona kwenye filamu mabinti wanaishi pamoja kwenye jumba kubwa karibu na chuo na kila wikiendi ni pati, hizo mara nyingi ni zile za upande wa wazungu, ambazo ziko 26 chini ya baraza lao lililoundwa 1902. Sitaki kuwasema vibaya, nao wana kazi zao za hisani, lakini mimi hapa nataka kuelezea zile nne za wanawake weusi kwa sababu kule ndo neno huduma lina uzito mwingine kabisa, na wengi wao hata hilo jumba hawana.

Ya kwanza ni Alpha Kappa Alpha, AKA, ilianzishwa Howard tarehe 15 Januari 1908 na Ethel Hedgeman na wenzake. Fikiria huo mwaka, mwanamke mweusi aliyefika chuo kikuu ni mmoja kati ya maelfu, sheria za ubaguzi ziko kila kona, kura hana, na akimaliza masomo anarudi kwenye mji ambao pengine yeye peke yake ndo kasoma. Alafu mwaka 1913 wanachama 22 wakaona kundi limetulia mno, wakatoka wakaunda Delta Sigma Theta, na kazi yao ya kwanza ya hadharani ikawa kuandamana Washington tarehe 3 Machi 1913 kudai kura kwa wanawake, kwenye maandamano ambayo baadhi ya waandaaji wazungu walitaka weusi wakae nyuma. Zeta Phi Beta ikaja Januari 1920, hapohapo Howard. Na ya nne, Sigma Gamma Rho, ilizaliwa Indianapolis mwaka 1922 na walimu saba wa shule, kwenye chuo cha Butler ambacho kilikuwa cha wazungu wengi, hao mi nawaheshimu kivyao. Hizi nne pamoja na tano za wanaume ndo zinaitwa Divine Nine.

Kitu ambacho watu wa nje hawakielewi ni kwamba chuo ni mlango tu. Kuna chapta za wanafunzi na kuna chapta za waliomaliza, na hizi za pili ndo zenye pesa, ndo zenye miradi, ndo zenye wale wamama wa kwenye video. Mtu anamaliza chuo Atlanta, anapata kazi Houston ambako hajui mtu, wiki ya pili anatafuta chapta ya pale, anahamisha uanachama wake, na kabla hajamaliza kufungua maboksi ana mtu wa kumwelekeza daktari mzuri wa watoto, fundi wa gari asiyeibia watu, na kanisa. Hata mwanamke ambaye hakujiunga akiwa mwanafunzi anaweza kuingia akiwa na digrii yake tayari na miaka arobaini, kupitia chapta ya waliomaliza. Ukitaka mfano wa karibu, ni kama kile kikundi cha mtaani cha kufa na kuzikana, ila chenye vyeti vya chuo, sare na kumbukumbu za vikao za miaka mia.

Na kuzikana kwenyewe kupo kweli. Dada akifariki chapta inaenda kwa mpangilio, wamevaa sare ya kuagia, wanafanya ibada yao fupi, na jina lake linahamia. AKA wanasema amekuwa Ivy Beyond the Wall, ule mmea wao unaotambaa umevuka ukuta, na Delta wanasema amehamia chapta ya Omega Omega, ambayo wanachama wake wote ni marehemu. Mtu aliyelipa ada miaka sitini hafutwi kwenye daftari, anahamishwa tawi.

Kuingia sasa. Huendi ukajaza fomu ukalipa ukapewa kadi. Kwanza wanataka maksi, kuna kiwango cha chini cha wastani wa masomo. Pili wanataka ushahidi kwamba tayari umeshafanya kazi za kujitolea kabla hawajakujua, na hapa wengi wanakwama kwa sababu huwezi kuzitunga wiki moja kabla. Kuna barua za wanaokudhamini, kuna usaili, alafu chapta inapiga kura. Kuna ada ya kuingia ambayo si ndogo. Wale wanaoingia pamoja wanaitwa laini, wanapangwa kwa urefu, mfupi mbele, kila mmoja na namba yake, na wanafundishwa historia mpaka waweze kutaja waanzilishi wote bila kupumua, siku ya kutambulishwa wanatokea mbele ya chuo kizima wanapiga step, miguu na makofi na maneno vikienda pamoja. Hao wa laini moja mara nyingi ndo wanakuja kuwa wasimamizi kwenye harusi, mama wa ubatizo wa watoto, na mtu wa kupigiwa simu saa nane usiku.

Lakini mi naona undugu wenyewe hautengenezwi na kiapo wala na step, unatengenezwa na kazi, na ushahidi mkubwa ni ile habari ya Mississippi ambayo ingekuwa vizuri watu waijue zaidi kuliko wanavyozijua zile lulu. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Oakland, Ida Louise Jackson, mzaliwa wa Vicksburg, alikuwa rais wa AKA nchi nzima, akapeleka wanachama Mississippi mwaka 1934 kufundisha walimu wa vijijini. Walipofika wakaona hakuna maana kumfundisha mtu namna ya kusomesha watoto ambao wana njaa, meno yameoza na hawajawahi kumuona daktari. Kwa hiyo mwaka 1935 wakarudi na Mradi wa Afya wa Mississippi, wakiongozwa na daktari Dorothy Boulding Ferebee, wakaenda kwa magari yao wenyewe safari ndefu kutoka Washington, barabara ambazo mtu mweusi hauziwi chakula wala hapewi chumba cha kulala. Mpango ulikuwa wafungue kliniki sehemu moja watu waje, ila wenye mashamba ya pamba hawakutaka wafanyakazi wao waondoke shambani, walishuku hawa wanawake waliosoma wanakuja kuwachochea. Basi wakageuza mpango, wakapakia chanjo na vifaa kwenye magari, kliniki ikawafuata watu mashambani, wanachanja watoto ndui na dondakoo, wanang'oa meno, wanawafundisha kinamama habari za lishe. Walifanya hivyo kila kiangazi mpaka 1942, wakati vita vilipoleta mgao wa petroli. Hawa walikuwa walimu na madaktari na wauguzi wanaotumia likizo zao, hela yenyewe ilitoka kwenye michango ya chapta, yaani wanachama wa miji ya mbali walichanga ili mtoto wa Mississippi achanjwe, ndo maana ya chapta hiyo.

Siku hizi chapta ya kawaida ya mjini ina kalenda yake inayojulikana. Septemba wako nje na meza wanaandikisha wapiga kura, Novemba wanagawa vikapu vya chakula cha Thanksgiving, Januari kuna sikukuu ya waanzilishi na siku ya Martin Luther King ambayo kwao ni siku ya kazi wala si ya kulala, na kuelekea kiangazi ni mashindano na dansi na chakula cha jioni cha kuchangisha pesa za skolashipu, Delta wana onesho lao la miaka mingi linaitwa Jabberwock. Kila mtu yuko kwenye kamati. Vikao vinaendeshwa kwa kanuni kweli kweli, hoja inatolewa, inaungwa mkono, inapigiwa kura, na rais wa chapta kwa AKA kwa miaka mingi ameitwa kwa jina la Kigiriki, Basileus, kwa hiyo usishangae binti wa miaka 20 anajua kuendesha kikao kuliko diwani wako.

Mradi ninaoupenda kupita yote ni wa Zeta, unaitwa Stork's Nest, wanaufanya pamoja na March of Dimes, shirika la afya ya mama na mtoto, tangu 1972. Mama mjamzito wa kipato cha chini akihudhuria kliniki anapata pointi, akija darasani anapata pointi, alafu hizo pointi anazibadilisha kwa nepi, nguo za mtoto, kitanda. Hakuna anayempa kwa kumuonea huruma, anachukua alichokifanyia kazi, na wakati huohuo mimba inafuatiliwa. Sigma Gamma Rho wana mradi wa kufundisha watoto weusi kuogelea, kwa sababu kwa miongo mingi mabwawa yalikuwa ya wazungu tu na watoto wa familia nyingi hawakuwahi kufundishwa, wanazama. Unaona kila mradi una jeraha lake la kihistoria nyuma yake.

Na kuna uzi unaofika mpaka huku kwetu pia. Zeta walifungua chapta Monrovia, Liberia, mwaka 1948, na Delta kwenye miradi yao ya nje wamesaidia huduma ya kinamama kwenye hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick pale Thika, Kenya. Kwa hiyo kuna wamama Wakenya waliojifungulia sehemu iliyochangiwa na wanawake wa Detroit au Memphis ambao hawatajuana maisha yao yote.

Pesa zinatoka wapi, watu huwa wanauliza. Kuna ada ya mwaka ya makao makuu na ya chapta, na kama hujalipa hupigi kura, undugu unabaki ila sauti huna. Chapta nyingi zina taasisi ya hisani ya pembeni iliyosajiliwa kivyake ili mchango wa mtu wa nje utambulike kwenye kodi, hela za skolashipu zinapita huko, hazichanganywi na hela za sherehe. Mwaka 2023 AKA wakapata hata kibali cha SACCO yao, na wanachama wa AKA wako zaidi ya 300,000, sasa piga hesabu mwenyewe.

Yote si asali lakini. Mateso kwa wanaotaka kuingia yalikuwepo, kupigwa, kunyimwa usingizi, kutumikishwa, na kuna watoto wa watu waliokufa kwenye vyuo mbalimbali. Mwaka 1990 umoja wa makundi haya ya weusi, ambayo wakati huo yalikuwa manane, ukaufuta ule mfumo wa zamani wa kuwaweka watu kwenye majaribio ya wiki na wiki, ila chini kwa chini kuna sehemu unaendelea, na chapta ikikamatwa inafungiwa miaka. Kuna pia suala la tabaka, ada na magauni na safari za mikutano si vya kila binti, na yule ambaye mama yake na bibi yake walikuwemo anaanza mbio akiwa mbele. Na swali la freemason lina kisa chake, miaka hii kumekuwa na wanachama Wakristo wanaojitoa hadharani wakisema viapo na alama za kale za Kigiriki na Kirumi haviendani na imani yao, wengine wamo humohumo ni wachungaji na wake wa wachungaji na hawaoni tatizo. Mi naona kila mtu aamue na dhamiri yake, ila kusema ni ibada ya shetani wakati kumbukumbu zao zimejaa chanjo na vitabu ni uvivu wa kufikiri.

Kama wewe ni binti wa huku na uko chuo Marekani na umevutiwa, usianze kutangaza kwenye status, wenyewe wanapenda mtu mtulivu anayeonekana kwenye shughuli zao mara kwa mara, anabeba maboksi, anaondoka. Usiige ishara zao za mikono wala ule ukelele, na fulana yenye herufi zao usivae hata kama umepewa na rafiki, hilo linachukuliwa kama dharau kubwa. Na siku wakiitisha kikao cha taarifa, acha nyumbani pinki na kijani, acha nyekundu na krimu za Delta, vaa suti nyeusi ya heshima na ufike kabla ya muda, mlango huwa unafungwa saa ileile iliyoandikwa.