Sekunde ya kwanza: kipimo cha kupuliza na mapafu yaliyoziba

Spirometria ni kipimo cha pumzi. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, unafumba midomo kwenye mrija huku pua imebanwa, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka usiwe na cha kutoa. Mashine inaandika hewa yote iliyotoka, na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza.

Mwingereza John Hutchinson alieleza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1846, lakini yeye alipima ujazo tu. Ilipita karne nzima kabla Mfaransa Robert Tiffeneau hajaonyesha, mwaka 1947, thamani ya sekunde ile ya kwanza.

Chukua madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, moja limekatwa juu, jingine lina shingo nyembamba. Yapindue. Maji ni yale yale, ila la pili linachelewa kuisha. Ndivyo yalivyo mapafu yenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Moshi wa miaka mingi umevimbisha vijia vidogo, na kuta za vifuko vya hewa zinazovishikilia vijia hivyo vibaki wazi zimelika. Mgonjwa akipuliza, vijia vinajifunga na hewa inakwama ndani. Wagonjwa wanaposema kifua kimejaa, wanasema kweli.

Tuseme ni mama wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, aliyechemsha ndizi za mbege kwa kuni miaka 30, hajawahi kugusa sigara. Anapewa pampu ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, anasubiri dakika 15, anapuliza: jumla lita 2.4, sekunde ya kwanza lita 1.2. Nusu tu. Uwiano huo ukiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya dawa, njia zimeziba. Kama dawa ingezifungua kabisa, daktari angefikiria pumu zaidi.

Kiwango cha kuziba hutafutwa kwa hesabu nyingine. Ile lita 1.2 inalinganishwa na ya mwanamke mzima wa afya, wa umri na kimo chake. Kama alitarajiwa kutoa lita 2, amefikia asilimia 60: daraja la kati. Chini ya 50 ni kali, chini ya 30 ni kali sana. Kumbuka kwamba uwiano ule wa mwanzo, wa sekunde ya kwanza kwa jumla, hushuka wenyewe kwa uzee, hivyo mzee mzima wa afya anaweza kuandikiwa ugonjwa, na kijana mgonjwa akapitwa.

Namba hizo hazisemi kila kitu. Wawili wenye asilimia 60 wanaweza kutofautiana sana: mmoja anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe, mwenzake anapumzika kila hatua kumi. Lazima daktari aulize pia.

Linaloniuma ni wale waliopona TB wakabaki na kikohozi. TB yenyewe huweza kuacha njia za hewa zimeziba. Makohozi yapimwe kwanza, hilo halina mjadala; yakiwa safi, mtu huyo apulize kabla hajaanzishiwa tena vidonge vya miezi 6. Picha ya eksirei inaweza kuonekana nzuri huku njia zimeziba.

Ukienda kupimwa, usivae nguo ya kubana, na uliza mapema pampu yako uiache saa ngapi. Utapuliza angalau mara tatu, kila mara kwa nguvu zote, kwa sababu pumzi ya kujivuta huleta namba ya mgonjwa kwa mtu mwenye afya.